Shimo la Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Katibu wa klabu kaniita ofisini, kanipa chai, kisha kanitwisha mzigo. Klabu inataka kitabu kidogo — kurasa ishirini, picha nyingi — kuhusu historia ya gofu ya kulipwa, tangu mwanzo mpaka hapa kwetu. Kasema nani mwingine aandike, mimi ndiye mchezaji wa kwanza wa kulipwa kuajiriwa hapa. Tena mtu mwaminifu. Mwaminifu! Chai ikanipalia. Akanigongagonga mgongoni.

Nimekubali. Ningekataa kwa sababu gani?

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza na huko ng'ambo mchezo ulikokulia. Raha kuandika mambo ya watu waliokufa zamani. Wachezaji wa kulipwa wa mwanzo walikuwa mafundi — wanachonga fimbo, wanashona mipira ya ngozi na kuijaza manyoya, wanawabebea mabwana mifuko. Mabwana ndio wachezaji wa ridhaa, ndio wenye heshima zao. Anayechezea riziki alionekana mtu wa chini hata akiwashinda wote. Ndani ya jengo la klabu haingii, koti anabadilishia nje. Baadaye ndipo vikaja vyama vyao, zawadi nono, televisheni. Wakawa watu wa kuombwa saini.

Nilipoandika neno saini nikaweka kalamu chini.

Mke wangu ndiye anayenichapia. Mimi kwenye kompyuta natumia kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Kasema kurasa za mwanzo nzuri, ila nimelipenda mno neno "hata hivyo".

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika kwenye habari zangu. Siwezi. Nimefagia ua mara mbili, na ua ulikuwa safi.

Basi niandike hapa kwanza, hapa hakuna anayesoma. Miaka kumi na tisa iliyopita klabu ilitangaza mashindano: atakayeshinda ndiye ataajiriwa kuwa mwalimu wa kulipwa. Siku ya mwisho kileleni tulikuwa wawili, mimi na shemeji — kaka wa mke wangu, yeye aliyenifundisha hata kushika fimbo. Tukapangwa pamoja. Kwenye gofu kadi yako ya mipigo anaiandika mwenzako. Yake nilikuwa nayo mimi. Shimo la kumi na nne alipiga mara tano. Nikaandika nne. Mvua, haraka, nilipitiwa — hilo naapa.

Kanishinda kwa mipigo miwili pungufu. Hata ningeandika ile tano, bado kanishinda! Tukakaa mezani kukagua na kusaini kadi. Nikaipitia kadi yake mara ya mwisho, nikaiona ile nne. Nikaiona kabisa. Nikamsogezea. "Umeandika wewe, shemeji, nikague nini?" Akacheka, akasaini.

Wino ulipokauka ndipo nikanyoosha mkono kama mwanafunzi hodari. Jamani, kuna kosa.

Ukisaini kadi yenye mipigo pungufu ya uliyopiga umetolewa, hakuna kujitetea. Watu wakasema alijua, alitaka kuiba mpigo. Mimi nikapewa kazi, na sifa juu: hakumficha hata shemeji yake.

Jumapili, 9 Machi

Nimemuuliza mke wangu kama siku ya kuzindua kitabu tumwalike kaka yake. Alikuwa anapasi, hakuinua macho. Aje kufanya nini, kututia aibu mara ya pili? Ndugu wa tumbo moja, wanasalimiana misibani tu. Akaongeza kwamba siku ile ndiyo alijua ameolewa na mwanamume wa kweli.

Nimekwenda kukaa bafuni. Roho inanisuta.

Jumanne, 11 Machi

Kwa shemeji. Kibanda chake kiko nyuma ya gereji. Anabadilisha raba za mishikio ya fimbo, fimbo za watu niliowafundisha mimi. Kazeeka mikono tu, uso ule ule. Nilijitia nimefuata habari za zamani za kitabu. Kanipa zote! Jinsi sisi wabeba mifuko tulivyokuwa tunakula tumesimama, mlango wa jikoni. Jinsi mpishi alivyotuita "wanachama wa sufuria". Tumecheka mpaka machozi.

Kisha akasema, taratibu, bila kinyongo, kwamba kosa lilikuwa lake. Mtu mzima anasaini vipi kitu hajakisoma? Kaomba jambo moja tu: kama kuna picha ya zamani, nimuweke hata pembeni. "Na dada hajambo?"

Hajambo, nikamwambia. Nilikuwa nimejipanga kusema. Nikasema hajambo, nikaondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Katibu anataka kurasa zote Jumatatu. Ukurasa wa tisa nimeuandika mara nne. Wa kwanza una "bahati mbaya". Wa pili una mvua nyingi kuliko iliyonyesha. Wa tatu shemeji hayumo kabisa — huo nimeuchana kwa aibu.

Wa nne una sentensi moja ya haki: kosa lilikuwa la mkono wangu, na niliona kabla hajasaini. Nimeichomeka katikati ya aya. Mwoga ni mwoga. Lakini ipo.

Jumapili, 16 Machi

Saa kumi jioni. Nimempa mke wangu kurasa zote, nikajifungia chumbani. Anachapa sebuleni. Nasikia vitufe. Nahesabu kurasa kwa jinsi anavyozigeuza: sita, saba. Wa nane una picha, ataupita upesi.

Vitufe vimesimama.

Kaita: "Baba Mapacha! Hapa umekosea. Umeandika uliona kabla hajasaini. Si baada?"

Ameifikia.

"Nirekebishe?"

Kusema "acha hivyo hivyo" ni maneno matatu. Mlango uko hatua mbili. Na mimi nimeshika kalamu, naandika.

Kaita tena. Kisha namsikia anacheka peke yake, anasema baba huyu akiandika huziba masikio, basi atarekebisha mwenyewe.

Vitufe vimeanza tena.