Umesahau Kuandika Chakula

Manchester, Uingereza
14 Februari 1988

Dada yangu Shani,

Assalaam alaykum. Natumaini hujambo, na kwamba mguu wa Mama umepoa. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno.

Dada, nimepata kazi! Skolashipu ilipokwisha nilijua narudi Musoma mikono mitupu, kumbe Mungu hamtupi mja wake. Kuna kampuni hapa inatengeneza michezo. Watu wana kompyuta ndogo majumbani, wanaziunganisha na televisheni, wanacheza. Mchezo unauzwa kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za taarabu. Mimi kazi yangu ni kuandika namba zinazomfanya mtu wa kwenye kioo aruke, akimbie, afe. Wa kwanza ninaotengeneza ni wa mvuvi wa kisiwa cha Rukuba anayewakwepa viboko.

Malipo ni pauni mia saba. Usimtajie Mama kiasi, ataanza kuota. Mwambie tu kwamba mwanawe kapata kazi ya michezo, inatosha.

Ni mimi mdogo wako,
Alawi


Musoma
20 Aprili 1988

Mdogo wangu Alawi,

Waalaykum salaam. Sisi hatujambo. Mguu wa Mama umepona, sasa unaouma ni wa pili. Barua yako imekuja imefunguliwa na kufungwa tena, lakini imekuja.

Watoto walipotoka darasani nilibaki na chaki. Pauni moja benki wanasema ni shilingi mia na sabini. Mara mia saba, ni laki moja na kumi na tisa elfu. Mimi napata elfu mbili na mia sita kwa mwezi, na saa ya mapumziko nauza maandazi kwa wanafunzi wangu mwenyewe. Nikagawanya. Mwezi wako mmoja ni miezi yangu arobaini na mitano. Yaani niingie darasani kuanzia leo mpaka mwaka 1992 ndipo nifikie ulichopata Februari. Nilifuta ubao haraka mwalimu mkuu asije akauona. Zamani hela tulikuwa nayo na sabuni hakuna. Sasa sabuni imejaa madukani, inatuangalia tu.

Sasa sikia kituko. Nilimsomea Mama ulivyosema, kwamba Alawi anatengeneza michezo Ulaya, na tajiri anamlipa kwa kazi hiyo. Unajua Mama ni kijumbe, mshika hela, wa mchezo wa wanawake wa soko la samaki. Wao kila mwezi wanachanga mia tano mia tano, na mmoja anabeba zote. Mchezo mwingine haujui! Kesho yake nimemkuta sokoni anawaeleza kina Boke na Wankyo, "Mwanangu ni kijumbe wa Wazungu. Anawapangia zamu." Nilicheka mpaka nikakaa juu ya debe la dagaa. Nilitaka kumsahihisha, lakini Alawi, tangu Baba afariki sijamwona amesimama wima namna ile. Nikamwacha aendelee.

Ndipo akakuandika kwenye mchezo. Walikuwa kumi na wawili, wewe ni wa kumi na tatu, zamu yako ni ya mwisho, Mei mwakani. Kasema hela yako itakuwa inakuja kwa posta. Basi tuma, usimwaibishe.

Dada yako,
Shani


Manchester
3 Julai 1988

Dada Shani,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Nimehama chumba, tazama anwani mpya nyuma ya bahasha. Ni chumba cha tatu mwaka huu, siku hizi siwezi kukaa mahali pamoja.

Kuhusu huo mchezo wa Mama, nilicheka kwanza, halafu sikucheka. Liondoeni jina langu. Ninyi mnaona pauni mia saba mnazigeuza shilingi, mnaishia hapo. Mshahara haugeuzwi hivyo, dada. Mshahara unapimwa pale pale unapoliwa. Kuna gazeti la mafundi wa kompyuta lilitoa mishahara yetu nchi kwa nchi. Marekani mwenzangu analipwa mara mbili. Japani ni mara moja na nusu, lakini chumba chake analala amekunja magoti. Kuna Mhungaria tuliyefanya naye kazi, sasa amerudi kwao, analipwa sehemu ya tano ya wa hapa, lakini anakaa kwa mama yake na mama ndiye anayepika. Nilimuuliza kwa barua, kati yetu tajiri ni nani? Akasema swali hilo linamfukuza kila siku.

Haya yangu, kwa mwezi:

Kodi ya serikali, 170
Chumba, 140
Gesi na umeme wa kutumbukiza sarafu, 30
Basi, 25
Kufua, sabuni na stempu, 15

Sasa mtu atabakiza nini? Mwezi ujao nitajitahidi. Mvuvi wa Rukuba ameshakufa, tajiri kasema Wazungu hawamjui. Nimeambiwa nimgeuze rubani na viboko wawe ndege za adui.

Mdogo wako,
Alawi


Musoma
11 Septemba 1988

Alawi,

Hujambo? Sisi wazima. Nimeomba sana usiwe mgonjwa, na utajua kwa nini.

Jina lako haliondoki. Mchezo ukishaanza mtu hatoki, labda afe. Tangu Mei Mama anakulipia yeye. Anachukua mia tano kwenye hela ya kununulia dagaa, anaifunga peke yake kwenye kipande cha khanga, akifika sokoni anasema, "Hii ya Alawi, imeingia jana." Alianza na magunia manne ya dagaa, sasa ananunua mawili. Nilipomgombeza alisema, "Shani, kijumbe akivunja neno lake, nani atampa hela amshikie?" Miaka tisa anashika hela za watu bila daftari. Akianguka kwenye hili haingii tena soko lile, na kazi nyingine haijui.

Basi nikachukua orodha yako na kalamu nyekundu. Usinikasirikie, ndiyo kazi yangu. Umesema utabakiza nini, hukujumlisha. Nimekujumlishia. Ni mia tatu na themanini. Toa kwenye mia saba, zinabaki mia tatu na ishirini. Hiyo ni miezi yangu ishirini na chenji. Ziko wapi?

Lakini siyo hilo linalonizungusha chumbani. Umesahau kuandika chakula. Umeandika mpaka stempu. Mtu hasahau chakula, Alawi, tena wewe uliyekuwa unasahau kitabu shuleni lakini si kiporo cha ugali.

Unakula nini?

Dada yako,
Shani


Musoma
18 Desemba 1988

Alawi,

Nimekwenda posta kila Ijumaa tangu Oktoba. Karani sasa akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Mama anauliza kama wewe ni mzima, mimi nasema mzima. Sijui kama ni kweli. Gunia limebaki moja. Andika hata mstari mmoja, hata wa uongo.

Shani


Manchester
5 Februari 1989

Dada yangu,

Nisamehe. Ni mzima wa mwili.

Barua yako yenye kalamu nyekundu nimetembea nayo kwenye koti miezi mitatu. Kila nikikaa kujibu nainuka. Njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wake.

Pauni mia saba hazikuwa mshahara wa mwezi. Yalikuwa malipo ya mchezo mmoja mzima, nusu nikianza, nusu nikimaliza. Sikuandika neno mshahara, kaitazame ile barua ya kwanza. Niliandika malipo. Nilijua utaelewa mwezi, nikakuacha uelewe. Ni aibu yangu hiyo, na ndiyo inayoniuma kuliko baridi.

Nilimaliza Septemba, miezi saba. Nilipopeleka kaseti nilikuta mlango umefungwa na jina la kampuni limebanduliwa. Kwa hiyo nilipata mia tatu na hamsini tu. Kodi ya serikali niliitunga, hamna serikali inayojua kama nafanya kazi.

Na chakula sikusahau, sikiandiki kwa sababu sikinunui. Jioni naosha vyombo kwenye hoteli ya Mpakistani mmoja karibu na stesheni, ndiyo inayolipa chumba. Nakula kinachobaki kwenye sahani za watu. Mwenye hoteli ni mwema, ananiambia nichague nyama kwanza.

Mwambie Mama ukweli. Mimi sikuweza. Humu ndani ya karatasi nyeusi ya kaboni kuna pauni ishirini, nimezikunja hivyo ili posta wasizione. Kuna kampuni ya London inatafuta watu. Nikipata, nitapata. Nisipopata, sijui. Sijui kama nirudi, sijui kama nibaki, kila nikiamua kimoja miguu inaelekea kingine.

Mdogo wako,
Alawi


Musoma
4 Juni 1989

Mdogo wangu Alawi,

Salamu zako zimefika, na za Mama hizi hapa. Kasema nizianze mimi kisha nikupe zake kamili mwishoni.

Nililia, sikufichi. Halafu nikagawanya. Mia tatu na hamsini kwa miezi saba ni hamsini kwa mwezi, na chumba peke yake mia na arobaini. Mimi hapa nyumba ni ya Baba, muhogo uko nyuma ya nyumba, samaki analeta Mama. Mwalimu wa Musoma anayeuza maandazi alikuwa amemzidi mhandisi wa Manchester mwaka mzima, na mwaka mzima nilikuonea wivu.

Mama nilimwambia siku ile ile barua yako ilipofika. Alivaa khanga ya kutokea, akasema twende sokoni. Nilimsihi asubiri. Akaenda. Wote walikuwepo, akasimama mbele yao akasema, "Mwanangu hana hela. Ya mchezo hajawahi kutuma. Nimewadanganya, na kijumbe mwongo hafai. Chagueni mwingine." Nilitaka ardhi inimeze.

Boke hakuacha hata kupepeta dagaa. "Sisi tulikuwaga tunajua, Bi Mwamvita," akasema. "Hela ya Ulaya gani inanukaga dagaa?"

Wote wakacheka, Mama peke yake ndiye hakucheka. Wankyo akamwambia, "Kwani tunachezaga na mshahara wa Alawi? Tunacheza na wewe. Kaa chini, utuhesabie." Akakaa. Hapo ndipo alipolia.

Kumbe tangu Juni mwaka jana walikuwa wanajua, wakawa wanapokea zile mia tano kila mwezi bila kusema neno ili asiaibike. Mama mwenyewe ndiye pekee aliyedhani ni siri.

Mei zamu yako ikafika. Elfu sita na mia tano. Wengine walisema Mama azishike mpaka urudi, Boke akakataa, akasema noti siku hizi zinaoza upesi kuliko samaki. Wakaongeza kidogo, Wankyo akaenda Bunda, akarudi na mtamba wa ng'ombe, mwekundu mwenye doa jeupe begani. Yuko Butiama kwa Silasi, kaka yake Wankyo. Ni wako. Pauni zako ishirini Mama amezirudisha kwenye dagaa, yuko magunia matatu.

Sasa za Mama. Kasema, mchezo mpya unaanza Agosti, na anakuuliza kama akuandike au akuruke. Kasema hataki kujua unalipwa ngapi. Anataka jibu la kweli tu. Mimi nimebaki na swali langu lile lile, unalijua.

Dada yako,
Shani


London
30 Julai 1989

Dada Shani,

Assalaam alaykum. Mnaendeleaje? Mguu wa Mama? Mtamba?

Kampuni ya London imenichukua. Huu ni mshahara, wa mwezi, nimeuona kwa macho mara moja. Pauni mia tano na kumi mkononi, kodi ya serikali imeshakatwa, safari hii ya kweli. Tajiri nimemwonyesha yule mvuvi wa Rukuba. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Bado natembea sana jioni, sijatulia, wala sijui nitarudi lini.

Orodha ya mwezi huu:

Chakula, 70. Nakinunua, napika mwenyewe, ugali wa unga wa Wahindi
Mchezo wa Mama, 5
Chumba, 220
Basi na treni, 60
Gesi na umeme, 35
Kufua, sabuni na stempu, 20

Mwambie Mama asiniruke. Jumla nimeiacha wazi, naomba unisahihishie.

Mdogo wako,
Alawi