Masika na Biira Wako Wapi

Bwera,
14 Januari 1968

Yaya Elise, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za Mama na za mjomba Anselme. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Na Sophie, mdogo wako anayekufuata, mguu wake umepona? Barua zangu zote huanza kwa kuuliza hali, na mara nyingi nimeyaandika maneno hayo huku mawazo yangu yako kwingine. Leo nauliza kwa dhati. Tangu Agosti hatujapata neno kutoka Butembo, na kila anayevuka mpaka ana habari yake, na habari zao hazifanani.

Sisi huku tu wazima. Mama anauza maharage sokoni, ni kifua tu kinachomsumbua asubuhi. Mjomba bado anachukua samaki wa chumvi Katunguru na kuwavusha hadi Beni njia ikiwa shwari. Ndiye atakayempa barua hii dereva anayekuja Butembo.

Nina habari kubwa. Nimepata nafasi katika ile shule ya bweni ya wasichana niliyokuwa nikiiota tangu tufike huku Uganda. Naondoka Jumamosi. Mjomba amenunua sanduku la bati, akaliandika jina langu kwa rangi nyeupe, na Mama amewaonyesha majirani wote sanduku hilo kama anaonyesha bibi harusi. Ungekuwepo ungecheka. Mimi sicheki. Tangu siku ya usaili chakula hakinipiti, gari likisimama nje nakimbilia uani, na Mama anadhani ni woga wa kwenda kulala ugenini.

Nikueleze tangu mwanzo. Matokeo ya mtihani yalipotoka, mwalimu wetu mkuu, Zedekia, alimwita mjomba akamwambia kwamba nimefaulu vizuri sana, lakini shule ile inachukua wasichana wachache na wenyeji ndio wanaotangulia. Mtoto wa wakimbizi wa Kongo atabaki mlangoni hata akiwa na akili za ajabu. Akashauri niombe kama binti wa Asanasio, yule mkulima wa Karambi anayemuuzia mjomba kahawa. Asanasio ana wavulana watupu. Alikubali huku akicheka, akasema binti aliyekwisha kulelewa hakataliwi. Basi mwalimu akajaza: baba Asanasio, kijiji Karambi, binti pekee. Jina la Jeanine akalikata, akisema linanuka Kongo. Akaacha Kabugho, maana huku akina Kabugho wamejaa kila kilima.

Mwalimu ni mtu wa Ankole, maana ya majina yetu haijui, simlaumu. Asanasio naye ananijua kwa jina la Jeanine tu, na hajui kusoma. Lakini mimi na mjomba, tuliozaliwa na majina haya, tuliitazama karatasi ile na hatukuona kosa.

Usaili ulifanyika Kasese. Nilikwenda kwa lori la mjomba, nikafika sweta langu linanuka samaki. Wasichana walikuwa wamejaa uani, wengine mama zao wanawafuta viatu. Mmoja alitoka analia, nami nikasahau hata Kiingereza cha kusalimia. Ndani walikuwa wawili: mkuu wa shule, ambaye ni Mzungu, na Sista Felisita, mwalimu wa pale, ambaye ni Mkonzo, damu moja na sisi. Mkuu aliniuliza hesabu, akaniuliza ramani, nikajibu. Kisha akataka habari za nyumbani. Nikasema kama nilivyofundishwa, kwamba kwa baba Asanasio mimi ndiye binti pekee na hajawahi kuwa na mwingine.

Sista akainua kichwa. Akalisoma jina langu tena, akaniuliza kwa Kikonzo, kwa upole kabisa, kama mimi ni Kabugho, Masika na Biira wako wapi.

Yaya, hapo ndipo nilipoliona kosa la karatasi ile. Unajua kwetu msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Hakuna Kabugho asiye na dada wawili mbele yake. Niliona kwamba nikizidi kunyamaza watajua yote, mwalimu na Asanasio watatafutwa, na Mama atarudishwa Kongo, ng'ambo ya mto.

Nikasema walikufa.

Nisamehe. Sista aliweka kalamu chini, akauliza waliugua nini, nikasema surua, tena wote wiki moja, wakiwa wachanga, ndiyo maana nyumbani hatuwataji. Akauliza walibatizwa majina gani. Hapo ningeweza kusema jina lolote, lakini kinywani mwangu hamkuwa na majina mengine. Nilisema Elise na Sophie.

Machozi yalimlengalenga. Akanieleza kwamba pale shuleni marehemu wa wanafunzi hutajwa kanisani kila Jumapili, na kwamba ataandika majina yenu yeye mwenyewe. Nami nikamshukuru.

Mama hajui. Jioni akichambua maharage yake husema, "Elise iko muzima, mimi najua. Na Sophie. Beko wazima wote." Mimi hutoka nje. Najiambia kwamba maneno hayaui mtu. Kisha nakumbuka ukimya wenu wa tangu Agosti, na naogopa kwamba nimewazika kwa mdomo wangu. Nilifikiri niikatae nafasi, lakini maswali yangeanza upya, na Mama angetaka kujua kwa nini. Kwa hiyo nitakwenda.

Nakuomba unijibu, hata mstari mmoja, kwa mkono wako, na Sophie aandike wake chini yake. Haya niliyokuambia usiyataje, maana Mama atataka asomewe. Wala usiitume barua shuleni. Kule barua za wanafunzi hufunguliwa, na kule ninyi ni marehemu. Itume hapa Bwera kwa mjomba, nami nitaisoma likizo, mwezi wa nne.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, mkumbatie Sophie sana. Mkiwa wazima, jueni kwamba mpaka mwezi wa nne, kila Jumapili, majina yenu yatasomwa, wasichana wote wataomba mpumzike kwa amani, nami nitaitikia pamoja nao.

Ni mimi, wa tatu wenu,
Kabugho Jeanine