Matanga ya Chumvi

Mashamba ya Chumvi,
Pwani ya Bagamoyo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mvua zimeanza huko Tabora? Mimi ni mzima, ila nimeaibika. Shemeji anayekusomea asiruke kitu kwa kunihurumia, wala asitie chumvi, maana huku chumvi yenyewe imekwisha.

Tangu nifanywe nyapara nilivimba kichwa, Mama. Kofia nilikuwa siivui hata wakati wa kula. Wafanyakazi hapa ni Wazaramo, watani zetu sisi Wanyamwezi, na mkali wao ni Bi Mwanahawa, mkwangua chumvi, anayeniita mpagazi wake. Juzi juzi akanijia: "Mpagazi, kaa wametoboa tuta la upande wa bahari. Bamvua ikija, maji yataingia mabwawa yote. Tupe watu tuzibe."

Nikamjibu, "Mzaramo akichoka kukwangua, humsingizia kaa!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake akarudia maneno yaleyale, nikamtania tena. Nikajiona bingwa.

Bamvua ikaja, bahari ikajaa kuliko siku zote, tuta likaachia. Chumvi ya miezi mitatu, iliyokuwa inangoja magunia tu, ikarudi baharini. Mama, nililia.

Na watani nao hawakosi msibani! Wakajifunga kanga viunoni, wakagaagaa kando ya bwawa: "Ewe Chumvi, umekufa ungali kijana! Kakuua Mnyamwezi asiye na masikio!" Bi Mwanahawa akanivua kofia, akaizika topeni kwa heshima zote.

Asubuhi akafika tajiri, mwenye shamba. Nilijua nafukuzwa, nawe tangu Baba afariki huna wa kumtegemea ila mimi. Ningeweza kuwatwika kaa lawama, lakini nikasema kweli: "Niliambiwa mara mbili, bwana. Nikafanya utani."

Tajiri akawageukia wafanyakazi. "Nimtoe niwaletee mwingine?"

Bi Mwanahawa akasonya. "Mwache huyuhuyu. Mwingine atatumalizia chumvi nyingine ndipo aote masikio."

Basi nimebaki, Mama, na tuta tumelijenga upya wote, mimi nikibeba udongo. Siku hizi akifungua mdomo namwuliza kwanza, "Bibi, hili la utani au la kazi?" Jana kanijibu, "La kazi. Unanuka." Nikaenda kuoga.

Nisalimie baba mdogo Kasanda, dada yangu Nyamizi na wanawe, na mama mkwe mtarajiwa. Huyo msimsomee hii.

Mwanao, nyapara kwa hisani ya Wazaramo,
Maganga