Damu Nyepesi

Baba mdogo,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, ila siwezi kuanza bila salamu.

Nakumbuka uliporudi kutoka Afrika Kusini, ile kampuni ya mgodi uliyokuwa unaiendeshea boza la maji ilipokupeleka kutibiwa. Ulishuka pale stendi ya Segese, watu wakajaa. Ukawaambia mshipa wa moyo waliouzibua mara ya kwanza uliziba tena, safari hii wamepitisha waya pajani mpaka moyoni, wakaupiga mionzi kwa ndani. Jirani akakuchokoza, "Kwa hiyo shemeji, tochi ikiisha betri tukuazime wewe?" Ukacheka mpaka ukashika kifua. Tukakusogelea wote. Ukasema, "Nawatania, kipo salama."

Vidonge ulikuja navyo mfuko mzima. Mganga wa zahanati akasoma karatasi, akatwambia, "Hivi vya kufanya damu iwe nyepesi. Asiache." Mimi lilinikaa hilo neno nyepesi tu. Kwetu mwenye damu nyepesi ni mgonjwa, damu imempungua. Halafu unanijua, mimi naangaliaga sana. Nikaona fizi zako zinatoka damu ukipiga mswaki. Nikaona madoa meusi mikononi, kama umegongwa.

Siku ile tunapukuchua mahindi ukaniuliza, "Ng'wana wane, mwanangu, mbona unaniangalia hivyo? Sema."

Mimi ambaye hata kwenye sala za jumuiya sijawahi kusimama nikaongea, nikasema. "Baba mdogo, hivyo vidonge vinakumaliza damu. Pumzika kwanza kuvimeza, unywe supu ya maini."

Ukanipiga begani. "Kumbe akili unazo, unaficha tu!" Vidonge ukaviacha, na mimi nilifurahi siku nzima.

Wiki mbili hazikuisha. Asubuhi unafunga ng'ombe kwenye plau, kifua kikakubana. Tulikufikisha hospitali umeshaenda. Daktari akasema mshipa uliopigwa mionzi unachelewa kupona kwa ndani, damu inagandia pale pale. "Ndiyo maana tunataka iwe nyepesi, ipite. Nani alimwachisha dawa?"

Nilitoka nje.

Nimekaa na swali hilo moyoni miezi mitano, hata kula nilikuwa sili vizuri. Jana shambani nikamwambia mkeo, Mama Kulwa. Nilimwambia lote. Akakaa juu ya tuta, hakulia. Baadaye akasema, "Mimi nilimbembeleza aache sigara, hakunisikia. Padri naye alisema, wapi. Wewe ukaongea mara moja tu, akakusikia."

Akachukua jembe, akaendelea kulima. Na mimi nikalima pembeni yake mpaka jua likawa kali.

Nisamehe, baba mdogo. Pumzika.

Mimi mwanao, mtoto wa kaka yako.