Siku ya Daraja

4 Machi

Kwako mwanangu,

Habari za huko? Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto na mama yako, wote wawili wananilalamikia kutwa. Nimesikia umepewa kifaru chako ukiongoze. Nimeshamwambia kinyozi na wateja wake wote. Damu yangu hiyo! Mimi shule ilinishinda darasa la tatu, lakini kifaru hakikunishinda, miaka kumi na tisa. Siku ya daraja unaijua. Kombora likatupiga, wenzangu wawili wakafa palepale, nani aliyekivusha kifaru, mikono inaungua? Mimi. Chuma kilinificha. Kwa hiyo kaa ndani, funga mfuniko. Wanaotoka ndio wanaokufa.

Mimi baba yako.

19 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima, kikohozi cha vumbi tu. Pole na goti, mama mwambie aongeze kukulalamikia. Simu wametunyang'anya, eti adui anazifuata, ndiyo maana naandika.

Baba, vita vyako si hivi. Kuna videge vidogo, kimoja unakibeba kwapani. Anayekiendesha amekaa kilomita kumi huko na kioo mbele yake kama anatazama mpira. Kinatujia juu, kwenye mfuniko, pale chuma kilipo chembamba. Tumechomelea nondo na wavu juu, kifaru kimekuwa banda la kuku. Wiki hii peke yake vifaru vyetu vimeungua vitatu. Mpiga mzinga wangu anataka tukisimama tukifunike kwa matawi, sisi tukae handakini, mbali nacho. Dereva naye hivyohivyo. Mwamuzi ni mimi.

Mwanao.

2 Aprili

Mwanangu, salamu nyingi,

Goti limepona, mama yako bado. Banda la kuku! Nimecheka mpaka machozi. Kidude cha kubeba kwapani kiue tani arobaini? Huyo mpiga mzinga wako mwoga, mwambie nimesema mimi. Anayekimbia kifaru chake atamkimbia hata mkewe. Sisi tulipigwa na vitu vinene kama paja, na mimi huyu hapa. Kaa ndani. Usinitie aibu, watu nimeshawaeleza.

Baba yako.

21 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini hamjambo. Barua yako nimewasomea. Dereva alicheka, mpiga mzinga hakucheka. Akaniuliza, kombora likiingia mle likaua wawili, wa tatu anabakije na pumzi, wakati moshi peke yake unamtosha mtu?

Baba, sikuvunjii heshima. Nauliza mara moja na sitauliza tena: siku ile ulikuwa ndani? Nijibu ndiyo au hapana, nami nitafuata. Mpaka jibu lije nitakaa ndani, maana ndilo neno lako nililonalo.

Mwanao.

30 Mei

Mwanangu,

U mzima? Hilo nijibu kwanza. Barua yako nimekaa nayo mfukoni wiki na wiki. Karatasi nimechana nne. Moja niliandika ndiyo, nikafika nayo mpaka posta, nikarudi nayo.

Hapana. Sikuwa ndani. Tulipokaribia daraja niliogopa, nikasema nashuka kukagua mnyororo wa magurudumu. Mnyororo haukuwa na kitu. Nikajiingiza kwenye bomba la maji chini ya barabara. Nikasikia mlipuko. Halafu wakaanza kugonga, kwa ndani. Mfuniko ulikuwa umepinda. Niliushika, ndiyo hii mikono unayoiona. Nikauachia. Wakagonga tena, kidogo. Kile kifaru hakikuvuka daraja lolote. Nishani walinipa kwa sababu hakubaki mtu wa kusema.

Toka humo mwanangu. Mpiga mzinga wako ana akili, mwoga ni mimi. Toka leo hii, usisubiri barua nyingine.

Baba yako.

14 Juni

Shikamoo mzee,

Pole sana, na mama mpe pole. Najua wakubwa walishafika hapo nyumbani na habari. Mimi ndiye mpiga mzinga wake.

Ilikuwa tarehe 26 Mei, saa nne asubuhi. Mimi na dereva tulikuwa handakini, yeye mwenyewe alituruhusu. Yeye alikataa kutoka. Kila gari la barua lilipokuja alikuwa wa kwanza kulifuata. Likiondoka bila barua yako anasema, "Mzee amekasirika. Mngekuwa mnamjua! Akikasirika hivyo ujue alisema kweli."

Barua yako imefika tarehe 9. Nimeifungua mimi, nisamehe, na nimeisoma peke yangu. Ile habari ya daraja huku kila mtu anaijua. Tumeletewa kiongozi mpya wa kifaru, naye ameshaidaka, anawasimulia askari wageni wakaze moyo. Barua yako hii naweza kuichoma, mzee. Hakuna atakayejua. Nasubiri neno lako.

Kijana wako.

3 Julai

Kijana wangu, salamu,

Nakujibu siku ileile niliyopata yako. Mama yake nimemsomea barua zote, pamoja na tarehe. Anaweka sahani mezani, anaondoka.

Usiichome. Wasomee. Anza na huyo kiongozi mpya, mbele ya watu wake, na utaje kuwa aliyeandika ni mimi. Akisema mzee amechanganyikiwa, msomee tena pale walipogonga.

Mimi, baba yake.