Nilimpa Mume Wangu Damu, Sasa Naitwa Dada Yake

Mama Kandida, shikamoo.

Majibu unayowapa wengine nayasoma kila gazeti linapofika huku, na sikuwahi kufikiri ningekuwa mmoja wao, lakini sasa sina mtu wa kumwambia haya, kwa hiyo nisaidie, na usinionee huruma kabla hujanisoma hadi mwisho.

Mimi ni mwalimu, nina miaka ishirini na sita, mume wangu Remigius ni bwana shamba, na tuna mtoto mmoja, Leonia. Mwaka jana mume wangu alianza kukonda, akawa anatokwa jasho usiku, tumbo likavimba upande wa kushoto, tukahangaika na dawa za malaria bila nafuu mpaka tulipofika hospitali kubwa huko Moshi, daktari akaniita pembeni akaniambia ni saratani ya damu, vidonge vya kuituliza anavyo, vya kuiondoa hana, na kila damu itakapopungua itabidi aongezwe, na wa kuitoa ni ndugu kwa sababu hospitali haina akiba.

Nikawaita kaka zake. Walikuja wanne juu ya lori la mbaazi, nikafurahi kuwaona wakishuka, kumbe walikuja kuangalia tu. Mkubwa wao, Egidius, alipoonyeshwa chumba cha kutolea damu alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, ng'ombe tutatoa. Damu hatutoi. Ukishatoa damu utalima na nini?" Nikamweleza kwamba damu hurudi mwilini, kama ninavyowaeleza watoto darasani, akawageukia wenzake, "Mwalimu anasema inarudi. Labda inarudi kwa basi, na mafuta yenyewe hakuna." Wakacheka, ndugu yao amelala midomo imepauka kama karatasi. Nikaingia mimi. Ikapimwa, ikakubali, akawekewa, na siku iliyofuata aliketi akaomba uji.

Tangu hapo kila tukienda Moshi mtoaji ni mimi. Nimepanga foleni ya sukari ya uji wake, nimefua shuka zake kwa majivu sabuni ilipokosekana, nimesimama barabarani kuwabembeleza madereva wa malori, na jioni nimesahihisha madaftari ya watoto huku kichwa kinazunguka.

Pasaka familia ilikusanyika kwa mama mkwe huko Mutuka. Nilikuwa nagawa chakula, na Egidius anawasimulia wageni jinsi wao walivyohangaika Moshi na mdogo wao. Niliweka bakuli chini nikasema mbele ya wote, "Shemeji, damu inayotembea ndani ya huyu ni yangu. Ya kwenu haimo." Nilitaka waone haya. Mama mkwe akaniuliza polepole, "Damu yako ndiyo imeingia kwake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwanangu, mmekuwa ndugu. Watu waliochanjiana damu ni ndugu, na ndugu hawalali nyumba moja kama mke na mume. Hata wageni wa mbali wakichanjiana, watoto wao hawaoani."

"Na Leonia je, ni mtoto wa nani?"

"Huyo alizaliwa kabla. Hana kosa."

Nilimgeukia mume wangu nikingoja acheke. Mtu mwenye stashahada, aliyezunguka vijiji vyote kuwaeleza wakulima kwamba ng'ombe hafi kwa jicho la jirani, aliangalia sahani yake. Nilirudi nyumbani kwetu Bagara na mtoto, yeye akabaki kwa mama yake, na yupo huko mpaka leo. Nikienda kumwona ananiambia, "Habari za nyumbani, dada." Mara ya kwanza nilidhani ni utani. Nikamwambia, "Wewe unajua kwamba si kweli." Akasema, "Ninachokijua ninakijua. Mama ni mama."

Sasa fizi zinamtoka damu, anapumzika kila hatua chache kutoka mlangoni hadi uani, na anasema Moshi haendi kama damu itakuwa yangu. Kaka zake bado hawatoi. Mama yangu yuko Bonga, ananiita nirudi nyumbani na mtoto. Na kuna muuguzi Moshi ambaye nimezoeana naye, naweza kumwomba amwambie mume wangu kuwa damu imetoka kwa mtu mwingine.

Niseme na hili. Namchukia. Wakati mwingine nikiwa darasani nawaza kwamba nataka damu yangu inirudie, na nikishawaza hivyo naogopa kujiangalia. Je, nimdanganye ili aishi, au nimwache kwa mama yake afe na heshima zao?

Mama Leonia,
Bagara, Babati, Mei 1984

JIBU

Mama Leonia, marahaba, na pole. Nakupa pole moja tu kwa sababu muda wa mumeo ni mfupi. Ulichofanya Moshi kiliwashinda wanaume wanne, na hakuna atakayekunyang'anya hilo.

Sasa nikugombeze. Uliwaumbua watu mbele ya wageni wao, nyumbani kwa mama yao, ukitegemea nini? Wakupigie makofi? Neno ambalo mama mkwe anakuchapa nalo ulimkabidhi mwenyewe. Na mumeo hukumwuliza kama anataka wageni wa Pasaka wajue kilichomo mishipani mwake. Ulimwita "huyu". Yeye ni mumeo, tena alikuwa ameketi hapo hapo anasikia.

Undugu haupo. Daktari alimpa dawa, hakuwachanjia agano, na ndoa yenu iko palepale. Lakini hilo unalijua, naye analijua. Kwa nini basi anakuita dada? Barua yako inanieleza foleni, majivu na malori, haina mstari hata mmoja wa kunieleza mlivyo chumbani tangu augue. Mwanamume aliyekonda hivyo mara nyingi hawezi tena mambo ya mume, na haya yake humtesa kuliko maradhi. Mama yake amempa mahali pa kujificha, maana kaka hadaiwi kitu kitandani na dada yake. Sisemi najua. Nasema kamwulize, mkiwa wawili, tena kwa sauti ndogo.

Kumdanganya, hapana. Atajua, na akishajua hatakuamini hata ukimpa kidonge. Na wewe acha kutoa damu kwa sasa. Kichwa kinachozunguka kinakueleza jambo, na sote tunajua chakula tunachokula miaka hii.

Nenda Mutuka kesho, hoja za darasani ziache darasani. Mwambie mama mkwe, "Mama, kama mimi ni dada yake, basi ni binti yako, na binti anaruhusiwa kumpeleka kaka yake hospitali." Tuone atakuzuia kwa mila gani. Egidius alisema ng'ombe atatoa, mshike kwa neno lake, auze, hiyo ndiyo nauli na chakula. Halafu waombe walimu wenzako na waumini baada ya misa, upate watu wawili wenye afya wa kufuatana nanyi. Damu ya jirani inafaa ikikubali kipimo. Daktari haulizi ukoo.

Leonia mpeleke Bonga kwa bibi yake. Wewe usiende. Ukiondoka leo watasema ulimmaliza ukakimbia, na iko siku wewe mwenyewe utaanza kuwaamini.

Kuhusu chuki, wanaouguza kwa muda mrefu huijua, ila hawaisemi. Umeisema, basi. Inaweza kukaa moyoni huku mikono inafanya kazi. Lakini damu uliyotoa usiidai. Si yako tena.

Daktari hakukuahidi kwamba atapona, nami siwezi kukuahidi. Huenda akakuita dada mpaka siku ya mwisho, na itakuuma kila mara. Akikuita hivyo kesho, mwitikie. Ukishaitika, mwambie avae viatu, gari la Moshi linaondoka.