Vifaranga Ndani ya Friji

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla nyumba yangu haijaingia baridi ambayo hata mimi siiwezi, na mimi ni fundi friji wa miaka ishirini na mbili, hoteli kubwa za miji mingi zinaujua mkono wangu, shule niliachia darasa la sita kwa sababu mwalimu alichoka kabla yangu. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, alitupatia vifaranga thelathini wa siku moja, mke wangu akaniomba boksi la kuwalea lenye joto, nikamwambia, "Mama watoto, maboksi waachie mafundi wa kawaida," nikachukua friji mbovu, nikailaza chali, nikatandika maranda, nikaning'iniza balbu, na mshauri, nimeona mengi duniani, lakini walipokusanyika chini ya ile taa wakafumba macho wote kwa pamoja, kila mmoja hajai kiganja, hakuna mama wa kuwafundisha, nilijikuta nimevua kofia.

Sasa mimi friji isipobana roho yangu haitulii. Nikaweka mpira mpya mlangoni, nikafunga, nikajisifu kwamba hata harufu haipiti. Nilipotoka kula mchana nikafungua, saba hawakuamka. Mlango nikaung'oa palepale, ila mke wangu akasema, "Dada kanipa vifaranga wagonjwa makusudi," na mimi nikanyamaza. Leo siku ya tano ndugu hawa hawapokeleani simu, na walikuwa wanapigiana hata kuulizana kama chumvi imekolea. Nifanyeje, na hawa ishirini na watatu je, maana nawapenda mpaka naona haya.

Fundi Barafu

Fundi Barafu,

Pole, na pole kubwa zaidi iende kwa shemeji yako. Vifaranga uliwanyima hewa bila kujua, hilo nakuelewa. Shemeji unamnyima jina lake jema huku unajua, na hilo sikuachii.

Kwanza hao wadogo. Mlango usirudi. Funika juu kwa wavu, nusu yake tandaza gunia kuzuia upepo. Balbu ikae upande mmoja, mwenye joto apate pa kukimbilia. Vipimo vyako vya hoteli weka kabatini, waangalie wenyewe. Wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, ishushe. Wakijibanza mbali midomo wazi, ipandishe. Wakitawanyika wanadonoa, umepatia. Mimi nimewalea miaka mingi na bado nashangaa: kiumbe wa juzi, na hajui kuficha kinachomsumbua. Wewe mtu mzima unajua.

Kwa hiyo leo, kabla hujashika bisibisi, mkalishe mkeo umwambie, "Mama watoto, ni mimi niliyefunga mlango." Hadithi za hoteli usiongeze. Atakasirika, mwache akasirike, usimchekeshe. Kisha mpigie shemeji, mkeo akiwa pembeni anasikia, useme maneno hayohayo.

Ulivua kofia mbele ya vifaranga. Ivue tena, mbele ya dada wawili.